Akiba ya nyumbani inalipwa kwa masaa ya nani?

Ushauri wa kubana matumizi umejaa kila kona saivi. Pika nyumbani, beba chakula kazini, nunua kwa jumla, acha mandazi ya kununua kanda mwenyewe, maharage chemsha ya wiki nzima. Sipingi hata kimoja, vingi navifanya. Ila kuna jambo halisemwi na linaniuma sana, kwamba kila shilingi inayobaki nyumbani kwa njia hizo kuna mtu kailipia kwa masaa yake, na kwenye nyumba nyingi za hapa Dar mtu huyo ni mama wa nyumba ama dada wa kazi. Mandazi ya nyumbani ni rahisi kweli, lakini kuna mtu kaamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na mtu huyo huyo saa mbili usiku anatakiwa awe na moyo wa kukaa na mtoto amsikilize anavyosoma. Kwa hiyo nikiongelea hela za nyumba yangu naongelea na masaa humo humo, kwangu ni hesabu moja.

Sisi tunaishi Mbezi, tumepanga, watoto watatu. Mimi niko kwenye uhasibu mjini, Kariakoo, mshahara wangu ni wa mwezi na unajulikana. Baba watoto ni fundi umeme, anafanya wayaringi, hela yake inakuja kwa mafungu, kuna mwezi anaingiza kuliko mimi na kuna mwezi site zote zimesimama wenye nyumba wameishiwa. Nyumba nyingi za mjini ndo ziko hivi, mmoja ana cha uhakika na mwingine anategemea siku, na bajeti za kwenye vitabu zinazosema gawa mshahara asilimia kadhaa huku na kadhaa kule hazimjui fundi aliyelipwa dipoziti Jumatatu na salio akaambiwa mpaka bosi arudi safari.

Sasa kwa nini watu tunanunua kidogo kidogo wakati kila mtu anajua ni ghali? Mafuta ya kupimiwa ya jero, sukari robo, mkaa wa kopo, vocha ya buku. Sio kwamba watu hawajui hesabu. Mama anayepima mafuta ya jero anajua kabisa ukijumlisha mwezi mzima angenunua dumu la lita 5 na chenji ikabaki, ila hela ya dumu haijawahi kukaa mkononi kwake ikiwa nzima, inaingia elfu tano inatoka elfu tano. Kinachokosekana pale ni hela ya kutangulia, yaani uwe umetangulia wiki mbili tatu mbele ya tumbo. Ukishatangulia, bei zote zinashuka. Kutangulia ndo kazi yenyewe, na sisi tulianza na kitu kimoja tu, mchele, tukaacha vingine vyote vilivyo mpaka huo ulipokaa sawa.

Mchele unashuka bei baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi wa saba kulingana na mvua zilivyokuwa. Tuna ndugu Mbeya, tunatuma hela anatununulia gunia anaweka kwenye basi, na kwa kuwa stendi ya Magufuli iko hapa hapa Mbezi Luis tangu ilipofunguliwa 2021 tunaupokea bila kuingia mjini, bajaji moja mpaka mlangoni. Mchele wa gunia umetulia, unajua umelimwa na nani na umekobolewa lini, na duka la Mangi pale nje linabaki la chumvi na kiberiti. Baadae tukaongeza maharage, halafu mahindi ya dona.

Mahindi yana mambo yake na hapa nitakaa kidogo maana nimeona watu wameumia. Ukinunua mahindi mengi ya bei rahisi ambayo hayajakauka umenunua ugonjwa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, haionekani kwa macho vizuri na kupika hakuiondoi, na mwaka 2016 watu walikufa kule Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye hiyo sumu, familia nzima nzima zililazwa. Kwa hiyo yaliyoota ukungu, yaliyobadilika rangi, yenye harufu, usiyachanganye na mazima ukaona yatapotelea humo, toa kabisa, na kuku usiwape. Halafu kuna dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuwatesa watu wa Tabora kabla ya kusambaa kila mkoa, akiingia kwenye gunia la kawaida baada ya miezi michache unabaki na vumbi. Siku hizi kuna mifuko ya kuzuia hewa, ina matabaka mawili ya plastiki ndani na kiroba nje, unajaza, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake kwa nguvu, wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa bila dawa yoyote. Mfuko ni ghali kuliko kiroba cha kawaida ila unautumia tena msimu unaofuata kama haujatoboka, na usiufungue fungue, chota ya mwezi mzima kwa mkupuo.

Haya, hapo ndo hela. Sasa masaa. Gunia la mchele linataka kupembuliwa mawe kila linapopikwa, mahindi yanataka kuchambuliwa, kubebwa mashineni, kupanga foleni, kurudi, maharage yanataka kulowekwa usiku. Mwaka wa kwanza kazi yote hii iliniangukia mimi bila mtu kuniambia ni yangu, ilikuja tu kwa sababu ni mambo ya jikoni. Jumamosi yangu yote ikawa ya chakula cha wiki, na ukiniuliza watoto wamefanya nini Jumamosi sijui, nilikuwa nao ndani ya nyumba ila sikuwa nao. Tukakaa na baba watoto, sio kwa ugomvi, nikamwambia hii akiba tunayoisifia kwa watu inatoka kwangu. Akanijibu, "Mama nanihii, si ungesema, mashine mi napita kila siku nikitoka site." Tukagawana. Mashine na kubeba ni yeye, kupembua tunafanya wote jioni na watoto wakiwa mkekani wanasimulia ya shule, na nyie amini msiamini ile nusu saa ya kupembua mchele ndo tunaongea mambo ambayo zamani hayakuwa na nafasi.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tanga akamkuta mwanae anaosha masufuria. Akaniita pembeni kwa upole, "Mwanangu, huyu kafunzwa wapi haya?" Nikamwambia, "Mama, mimi naingia saa moja na nusu usiku, akinisubiri watoto watalala na njaa." Akanyamaza. Kesho yake jioni nimerudi nakuta wanamenya vitunguu wote wawili, yeye na mwanae, wanacheka mambo ya kijijini. Najua sio kila mwenye mkwe atapata hivyo, wapo wanaosemwa mpaka wanaacha, na mtaani maneno yapo. Lakini hamna sheria ya nchi wala ya dini ninayoijua inayosema sufuria likishikwa na mwanaume ndoa inaharibika.

Na sheria ya kazi yenyewe inatuonyesha nani anategemewa nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 kama ni mapacha. Baba amewekewa siku 3. Siku tatu mama bado hajaweza hata kuinama vizuri, baba karudi kazini. Na huyo ni baba mwenye mkataba, baba watoto wangu ni fundi wa kujitegemea, asipoenda site hamna hela, kwa hiyo hata hizo tatu alijikatia mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ni kitu kizuri, nakishukuru, ila mwenye kazi Kariakoo na mtoto Mbezi ayatumieje? Kwa foleni ya Morogoro Road masaa mawili yanaweza kuishia njiani kabla hujamshika mtoto. Kwa wa mwisho wetu nilimuomba bosi yale masaa mawili niyakate mwisho wa siku nitoke mapema, akakubali. Kama uko kwenye hali hiyo omba, omba kwa maandishi, ukiwa umetaja sheria kwa heshima, maana mabosi wengi hawaijui na wengine wakijua wanakubali.

Hapo ndo linakuja suala la nyumba. Watu wanahamia mbali, Chanika, Kibaha, Bunju ndani ndani, kwa sababu kodi ni nafuu, na ni kweli ni nafuu. Ila weka nauli za kwenda na kurudi za watu wazima wawili, weka bodaboda ya kutoka kituoni usiku, halafu weka masaa. Masaa matatu manne njiani kila siku ni karibu nusu siku nyingine ya kazi ambayo halipwi mtu. Sheria inataka wiki ya kazi ya kawaida isizidi masaa 45, lakini barabara haihesabiwi humo. Sisi tumebaki Mbezi japokuwa tungepata vyumba vikubwa zaidi mbele huko, nikitoka nawahi gari la kwenda Kimara, napanda mwendokasi mpaka mjini, na ile tofauti ya kodi tunaiona kwamba tunanunua jioni.

Kodi yenyewe ndo mtihani, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa pamoja, na ukiingia nyumba mpya dalali anataka ya mwezi mzima juu yake. Hakuna mshahara wa kawaida unaoweza kutoa miezi sita siku moja. Hapa kikoba ndo kimetubeba. Kikundi chetu ni cha wamama wa mtaani tunaojuana nyumba kwa nyumba, tunanunua hisa kila wiki, tunakopeshana kwa riba ndogo inayorudi kwetu wenyewe, mfuko wa jamii uko pembeni kwa misiba na ugonjwa, mwisho wa mwaka tunavunja kila mtu anabeba chake na faida. Utaratibu huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaja huku ukazaa vicoba, na nguvu yake yote ni kwamba watu wanaonana uso kwa uso. Ninavyoona mimi kikoba cha watu wasiojuana ni hatari hata kama hela ziko kwenye simu. Na zile ofisi za mikopo ya haraka wanazoziita kausha damu nawasihi dada zangu msizisogelee kwa ajili ya kodi, marejesho ya kila siku yanakula hela ya mboga, mtu anakopa kwingine kulipa huku, nimeona vitanda vinatolewa nje watoto wakiangalia.

Umeme nao una jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. TANESCO wana daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanalipa karibu shilingi 122 kwa uniti ukijumlisha na VAT na makato mengine, wakati daraja la kawaida uniti moja ni kama shilingi 356. Kwa uniti 75 hizo hizo mmoja analipa elfu 9 na kidogo na mwingine zaidi ya elfu 26. Sasa kwenye nyumba za kupanga mnakaa familia nne tano mita moja, kila familia inatumia kidogo kabisa, ila kwa pamoja mnavuka 75 mnawekwa daraja la juu, kwa hiyo mtu mwenye taa mbili na redio analipa uniti kwa bei ya mwenye friza. Hiyo haimpi mtu raha ndani ya nyumba, ndo ugomvi wa LUKU unapoanzia, nani ana pasi, nani ana jiko la umeme, nani kalala na feni. Kabla ya kuhama uliza mita inakuwaje, kila mpangaji akiwa na yake unaweza kuongeza kidogo kwenye kodi na bado ukabaki na nafuu. Na kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021, ni deni la mwenye nyumba, ongeeni naye kistaarabu muone inavyorudishwa.

Jikoni tunachanganya. Maharage, makande, kisamvu ni mkaa, vinachemshwa Jumapili kwa sufuria kubwa, vikipoa vinawekwa kwenye vikopo friza, vya kutwa mbili tatu kila kikopo. Siku za kazi ni kuunga tu kwenye gesi, kitunguu, nyanya, nazi kama ipo, dakika chache watu wanakula. Serikali imetoa mkakati mwaka 2024 unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya watu wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mimi natamani tufike, maana moshi ule unaingia kwenye kifua cha anayepika sio cha anayekula. Ila mtungi wa kilo 6 ukiishia katikati ya mwezi mtu anarudi kwenye mkaa kwa sababu mkaa unauzwa kwa kopo na gesi haiuzwi kwa kopo. Ni ile ile habari ya kutangulia.

Kuhusu shule najua nitapingwa. Wawili wetu wakubwa wako shule ya serikali, wanatembea kwa mguu dakika chache. Ada ilifutwa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, tunalipia sare, madaftari, chakula cha mchana na mitihani ya majaribio. Darasa limejaa, hilo sifichi, mwalimu hawezi kumfikia kila mtoto. Lakini tuliangalia ile nyingine, ya kiingereza, ada inayomeza nusu ya mshahara wangu, na basi la shule linalopita saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa miaka sita anavalishwa amelala, anarudi saa kumi na moja jioni, yaani anafanya kazi masaa mengi kuliko mimi. Watu wanatuambia tunawanyima watoto. Mimi nasema usingizi nao ni malezi. Sehemu ya ile hela ya ada tunamlipa mwalimu mstaafu wa mtaani anawafundisha kusoma na hesabu siku tatu kwa wiki, vitabu tunanunua mitumba pale chini mjini, na mimi au baba yao mmoja lazima akae nao jioni. Jioni hiyo ndo tuliyoinunua kwa kubaki Mbezi.

Halafu michango. Aisee. Hakuna anayeandika bajeti ya Mtanzania bila michango akasema kweli. Kadi ya harusi, sendoff, kitchen party, kipaimara, grupu la wasapu linafunguliwa umeshaingizwa kabla hujaulizwa, na orodha ya waliolipa inapandishwa kila asubuhi. Misiba sipunguzi, msiba nitatoa hata kama nimebaki na ya nauli, kwa sababu watu hao hao ndo walikuja kulala kwangu nilipofiwa. Kwenye harusi tumekubaliana tunatenga kiasi kwa mwaka mzima, kikiisha kimeisha, ndugu wa damu na wale tunaoshirikiana nao kila siku wanatangulia. Wengine nawapigia simu mapema kabisa, nasema safari hii sitoweza mchango ila siku ya kupika niko hapo kuanzia alfajiri. Hamna aliyekasirika mpaka leo, wanaokasirika ni wale unaowakimbia simu.

Mwisho niseme kuhusu dada wa kazi, kwa sababu akiba ya wanawake wengi tuliopo maofisini imesimama juu ya mgongo wa binti wa watu. Amri ya mishahara ya 2022, kabla haijabadilishwa na ya 2025, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Gawa kwa siku 30, ilikuwa buku mbili kwa siku, kwa mtu anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na wapo wanaolipwa chini ya hapo na hela inatumwa kwa shangazi. Mimi siwezi kulalamika kwamba masaa yangu hayahesabiwi huku nakula masaa ya mwingine bila hesabu. Sheria ya kazi inamhusu na yeye pia, anastahili mapumziko ya masaa 24 mfululizo kila wiki. Dada yetu tunamlipa zaidi ya kima hicho, kwa simu yake mwenyewe, Jumapili ni siku yake kabisa na baba watoto ndo anakaa na lile sufuria la maharage, usiku baada ya kula vyombo sio vyake. Anajifunza cherehani jioni kwa fundi wa hapa jirani, ada yake tunachangia nusu, na kwenye bajeti yetu hiyo nusu inaandikwa juu ya bando na juu ya kadi zote za harusi.